Kubuni Duka la Fremu Moja Dar es Salaam: Kazi Inaanzia Kizingitini

Mbunifu wa maduka anayeanza kazi Dar es Salaam haitwi kubuni jengo la ukubwa wa Mlimani City. Anaitwa kwenye fremu: chumba cha mita 3 kwa 5, ukuta wa tofali za bloku, taa moja katikati ya dari, na mpangaji ambaye ameshalipa kodi ya miezi sita na anahesabu siku. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo tangu kabla ya kipimo cha kwanza mpaka kukabidhi. Mfano tutakaokwenda nao ni duka la vitenge na madera, kwa sababu nguo huonyesha makosa ya mbunifu haraka kuliko bidhaa nyingine.

Kuna mtu mmoja wa kumjua kwanza. Victor Gruen alizaliwa Vienna mwaka 1903 na alianza kwa kukarabati maduka ya mji huo. Mwaka 1938 aliukimbia utawala wa Wanazi, akatua New York. Mwaka uliofuata, akishirikiana na Morris Ketchum, alibuni duka la bidhaa za ngozi la Lederer de Paris kwenye barabara ya Fifth Avenue. Alichofanya hapo ni kuusogeza mlango ndani, na nafasi iliyobaki mbele akaipanga makabati ya vioo. Mpita njia aliyesogea kutazama mkoba alijikuta ameshakanyaga duka kabla hajaamua kuingia. Umaarufu mkubwa ulimjia baadaye kwa vituo vikubwa vya maduka: Northland, karibu na Detroit, mwaka 1954, na Southdale, kule Edina katika jimbo la Minnesota, mwaka 1956. Uzeeni aliyakana hadharani majengo yaliyoigwa kutokana na kazi yake. Watu wengi humtaja kwa hayo majengo makubwa, lakini kwa mwenye fremu Sinza au Mbagala, Gruen wa 1939 ana faida zaidi kuliko Gruen wa 1956.

Kabla hujatoa tepu mfukoni

Fika kwenye fremu mara tatu kwa saa tofauti: saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 1 usiku. Kila mara simama dakika 15 ng'ambo ya barabara na uhesabu vitu viwili tu: watu wanaopita, na upande wanaotokea. Upande ni muhimu kuliko idadi. Penye kituo cha daladala, watu wengi wa jioni hutokea upande mmoja, na hapo ndipo mpango mzima wa mbele ya duka utakapoegemea.

Angalia fremu inatazama wapi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na Desemba hupita upande wa kusini. Kwa fremu inayotazama kaskazini, kibaraza kinachotokeza mita 1 hutupa kivuli cha takriban mita 1.7 ukutani saa sita mchana mwezi Juni, na hicho kinatosha. Fremu inayotazama magharibi ni habari nyingine. Jua la kuanzia saa 9 alasiri huzidi kushuka, na kadiri linavyoshuka linapita chini ya kibaraza na kufika mpaka kaunta. Hapo unahitaji turubai la kushusha wima, au ukubali kwamba mita mbili za mbele haziwekwi kitambaa. Ukitaka kuona hasara yake, tembelea duka la vitenge linalotazama magharibi na ufunue kipande kilichokaa mbele miezi michache: kwenye mkunjo uliokuwa nje kuna mstari mweupe ulionyooka kama umechorwa kwa rula, wakati ndani rangi iko vilevile. Kipande hicho hakiuziki kwa bei yake tena.

Kisha soma mkataba wa pango, au mwombe mpangaji akusomee. Unatafuta majibu manne: je, kutoboa ukuta kunaruhusiwa? Bango linakaa wapi na upana gani? Mita ya umeme ya LUKU ni ya fremu hii peke yake au inachangiwa? Na vitakavyofungwa ukutani ni mali ya nani siku mpangaji akihama? Swali la mwisho huamua kama utengeneze shelfu za kujengea au za kusimama zenyewe. Mpangaji wa mkataba wa miezi sita asijengewe chochote asichoweza kukifungua kwa bisibisi na kukipakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Jambo moja halina mjadala: nguzo, boriti na sakafu ya jengo haviguswi. Mwenye duka akikuomba "kubomoa kidogo tu" ili apate nafasi, kataa na umpeleke kwa mhandisi. Jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu halijasahaulika.

Kupima chumba ambacho hakijanyooka

Chukua tepu ya chuma ya mita 5, pimamaji, timazi, chaki, na karatasi ya A4. Chora kwa kipimo cha 1 kwa 20: fremu ya mita 3 kwa 5 inakuwa sentimita 15 kwa 25, na inaenea kwenye karatasi moja. Kila ukuta nao upewe karatasi yake kwa kipimo hichohicho.

Pima upana sehemu tatu, yaani mlangoni, katikati na nyuma, na kila sehemu pima mara mbili: sakafuni na kwenye usawa wa kichwa. Tofauti ya sentimita 2 au 3 ni ya kawaida kabisa. Andika kipimo kidogo kuliko vyote. Hicho ndicho cha kutengenezea. Halafu pima mshazari, kona kwa kona. Kwa mita 3 kwa 5 kila mshazari uwe mita 5.83. Mishazari miwili ikitofautiana, chumba kimepinda, na kabati lililokatwa kwa pembe mraba litaacha mwanya upande mmoja. Dawa si kulikata kabati kwa kupindisha. Lifanye fupi kwa sentimita 2, lisimamishe kwa timazi, kisha ziba mwanya kwa kipande chembamba cha ubao kilichokwanguliwa kufuata ukuta.

Weka alama pia kwenye soketi, swichi, mita, tundu la maji na mteremko wa sakafu. Fremu nyingi zimeteremshwa kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke, na katika mita 5 mteremko unaweza kufika sentimita 4. Asiyeligundua hilo mapema hujikuta na shelfu ambayo mwanzo wake unagusa sakafu na mwisho wake unaelea.

Mwisho, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Plasta inayotoa mlio wa uwazi imeachana na tofali, na fisha, yaani plagi ya kushikia skrubu ukutani, ikiingia humo itatoka na mzigo wake. Kwa shelfu za nguo tumia fisha za milimita 8, na tundu lipite plasta na kuingia ndani ya tofali si chini ya sentimita 5.

Kizingiti

Fremu nyingi za Dar zina mlango wa chuma wa mabawa mawili au wa kuviringisha juu, ukiwa kwenye mstari wa barabara. Ukifunguliwa asubuhi, mteja anakutana na shimo lenye giza na muuzaji amekaa kwenye stuli katikati yake. Kizuizi hasa ni huyo muuzaji kuliko giza: mtu akiinua mguu anajua ataulizwa "karibu, unatafuta nini?" kabla hajaona kitu.

Acha mlango wa chuma ulipo, kwa ajili ya usalama wa usiku. Ndani yake, rudi nyuma sentimita 90. Sehemu hiyo ya mita 3 kwa 0.9 ndiyo kizingiti chako. Weka makabati mawili ya kioo, moja kila upande, yenye upana wa sentimita 50, na katikati ibaki njia ya mita 2. Utasikia malalamiko: umekula mita za mraba 2.7 kati ya 15, karibu sehemu moja ya tano ya duka ambayo mwenyewe anailipia kodi. Jibu lake ni kwamba hizo ndizo mita pekee zinazoonwa na watu ambao hawajaingia.

Sasa tumia ile hesabu ya pande. Anayetembea kutoka kushoto haoni uso wa kabati la kushoto, kwa kuwa ameshalipita linapokuwa mbele ya macho yake. Anaona ubavu wa ndani wa kabati la kulia, unaomtazama usoni kwa hatua tano sita. Kwa hiyo bidhaa bora, na taa kali, ziwekwe upande wa pili wa kule watu wanakotokea. Wabunifu wengi hugawa pande mbili sawa kwa sababu inapendeza kwenye mchoro, na nusu ya kazi yao haionwi na mtu.

Kioo cha makabati kiwe cha milimita 6, kingo zake zikiwa zimesagwa. Mlango wa kioo usiununue kama huna kiyoyozi. Ni ghali, unahitaji kioo kilichoimarishwa kwa moto cha milimita 10 au 12, na kioo cha aina hiyo hakikatwi tena kikishatoka kiwandani. Kipimo kikikosewa kwa milimita 5 unanunua kingine. Kama ni lazima, pima uwazi juu, katikati na chini, chukua kidogo, kisha toa nafasi ambayo muuza bawaba ameielekeza kwa bawaba zake.

Sakafu ya kizingiti iwe sawa na ya ndani, bila ngazi. Ngazi ya sentimita 5 tu humfanya mtu atazame chini, na akitazama chini haoni duka. Pale ambapo mafuriko ya masika hulazimisha ngazi, iweke kwenye mstari wa barabara, kabla ya makabati, na uipake rangi tofauti.

Na vioo visibandikwe stika. Namba nne za simu, nembo za mitandao yote ya kutuma pesa na orodha ya kila kilichomo dukani hufanya kioo kuwa ukuta. Namba moja, chini kwenye kona, inatosha.

Ndani: hesabu ya sentimita

Baada ya kizingiti cha 0.9 na sehemu ya nyuma ya 0.9 kwa chumba cha kujaribia na kaunta, urefu unaobaki kwa shelfu ni mita 3.2 kila ukuta. Shelfu za vitenge zinatosha kuwa na kina cha sentimita 35. Pande zote mbili zinakula sentimita 70, kwa hiyo katikati kuna mita 2.3. Meza ya katikati ikiwa na upana wa sentimita 50, njia mbili zinabaki na sentimita 90 kila moja, na huo ndio mpaka. Chini ya hapo, mama mwenye mfuko wa sokoni mkononi na mtoto mgongoni hapiti bila kugusa kitu, na aliyeguswa mara mbili hutoka. Kama mwenye duka anataka meza ya sentimita 70, jibu ni kuiondoa meza yote. Meza iwe na urefu wa mita 1.2, kimo cha sentimita 80, na magurudumu yenye breki.

Kabla ya kukata ubao wowote, chora mpango wote kwa chaki sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Mwambie mwenye duka apite, ageuke, ainame kama anayechukua kitu chini. Kazi ya nusu saa hii huokoa zaidi ya mchoro wowote wa kompyuta. Mchoro wa kompyuta unapendeza kwenye simu, lakini haukugongi kiunoni.

Kwa shelfu zenyewe, nunua MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, shiti la futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Ubao huo ukibeba vitenge usivuke sentimita 80 bila nguzo. Ukifika mita 1 utaanza kupinda katikati ndani ya miezi michache, na ukishapinda haurudi. Kwa ukuta wa mita 3.2 gawa vyumba vinne vyenye nguzo tano. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanagawa 320 kwa 4, wanapata 80, wanakata mbao zote, kisha kabati linagoma kuingia. Nguzo zenyewe zina unene. Nguzo tano za sentimita 1.8 ni sentimita 9. 320 ukitoa 9 inabaki 311, gawa kwa 4, kila shelfu ni sentimita 77.75.

Shiti likipasuliwa kwa urefu linatoa vipande vitatu vya sentimita 35, na masalio ya kama sentimita 16 baada ya msumeno kula sehemu yake. Kila kipande cha mita 2.44 kinatoa shelfu tatu. Kwa ngazi tano, vyumba vinne na kuta mbili unahitaji shelfu 40, yaani vipande 14. Nguzo 10 za mita 2.2 ni vipande vingine 10. Jumla 24, gawa kwa 3, mashiti 8. Ongeza mashiti 2 kwa ajili ya kaunta na makosa. Yale masalio ya sentimita 16 usimwachie fundi aondoke nayo. Ndiyo ya kufungia juu, kufichia taa na kuzibia mianya.

MDF ina adui mmoja, nalo ni maji ya kudeki. Kabati likikaa moja kwa moja sakafuni, ndani ya miezi mitatu ukingo wa chini unavimba kama mkate uliotumbukia chai, rangi inabanduka, na hakuna dawa. Ngazi ya chini ianze sentimita 15 juu ya sakafu, kabati likisimama juu ya kitako cha tofali kilichopigwa tailizi, au juu ya fremu ya bomba za mraba za inchi moja. Kimo hicho pia huokoa mzigo siku mvua ya masika ikiingia ndani. Mabomba yapakwe redioksaidi ya kuzuia kutu kabla ya rangi, hasa kwenye maungio ya kuchomelea. Masaki, Msasani na Kigamboni upepo wa chumvi huyala kuanzia hapo.

Bidhaa inayotembea zaidi ikae kati ya sentimita 75 na 150 kutoka sakafuni. Chini ya hapo weka za bei ndogo ambazo mteja huzijua bila kuzishika, juu ya sentimita 190 weka akiba. Madera hayakai vizuri kwenye shelfu yakikunjwa. Chagua chumba kimoja kati ya vile vinne, ondoa ngazi za kati, weka mikono mifupi ya chuma kwenye kimo cha mita 1.75, na uyatundike yakitazama mbele. Ukiyatundika kwa ubavu hayatoshi, kwa sababu hanga ina upana wa kama sentimita 45 na kabati lako lina 35. Ukitumia bomba refu mahali pengine, hesabu hanga 30 kwa mita kwa nguo nyepesi. Zaidi ya hapo mteja anavuta moja na zinatoka tatu.

Kaunta iende nyuma, kona inayoona mlango: kimo sentimita 90, urefu mita 1.2, yenye droo ya kufunga, soketi mbili ndani na tundu la waya kwa mashine ya risiti ya EFD na chaja. Kwa duka la simu ushauri huu unageuka, kaunta ya kioo ndiyo onyesho lenyewe na inakuja mbele. Chumba cha kujaribia kiwe sentimita 90 kwa 90, pazia zito, ndoano mbili. Kioo cha kujitazamia kiwe nje ya pazia, ili mteja atoke ajitazame na mwenzake aseme neno. Mauzo mengi ya nguo humalizwa na huyo mwenzake.

Mwanga na joto

Taa nyingi zinazouzwa madukani ni za mwanga mweupe wenye ubluu, zimeandikwa 6500K. Chini ya taa hiyo kitenge chekundu kinaelekea zambarau na ngozi ya mteja kwenye kioo inapauka kama mgonjwa. Tafuta 4000K kwa nguo, na kwenye boksi angalia namba ya CRI au Ra, inayopima jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, iwe 90 au zaidi. Kama boksi halikuandika, ipeleke taa nje ya duka la vifaa ukiwa na kipande cha kitenge, ulinganishe na mwanga wa mchana.

Kwa mita za mraba 15 panga luksi 300 za jumla, yaani lumeni 300 za mwanga kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni lumeni 4,500 zinazofika chini. Ukihesabu zinazopotelea kwenye kuta na dari, unahitaji taa za kutoa kama 7,500. Taa tano za wati 18 zinafika hapo. Juu yake ongeza taa sita za kumulika za wati 10: mbili kwenye makabati ya kizingiti, mbili kwenye ukuta wa nyuma, mbili juu ya meza. Ukuta wa nyuma usiusahau. Ukiwa na mwanga na rangi nzito, jicho la aliye barabarani linavutwa mpaka mwisho wa duka. Ukiwa na giza, duka linaishia mlangoni. Taa zote hizo ni wati 150. Kwa saa 12 ni yuniti 1.8 kwa siku, hesabu ambayo mwenye duka ataiuliza kabla hajauliza kitu kingine.

Taa ya kumulika iliyofungwa juu kabisa ya bidhaa huangaza ukingo wa shelfu na kuacha vitambaa gizani. Iliyo mbali sana humchoma mteja machoni. Dari ikiwa mita 2.8 na bidhaa ikiwa mita 1.4, iweke sentimita 80 mbele ya uso wa shelfu na uielekeze nyuzi 30 kutoka wima. Utepe wa LED wa wati 14.4 kwa mita, mita 5, unataka wati 72. Kigeuza umeme chake kiwe cha wati 100, maana kikibebeshwa zaidi ya asilimia 80 kinachemka. Usikifungie ndani ya jipsamu isiyo na tundu la hewa. Utepe ukivuka mita 5 bila kulishwa umeme upande wa pili, mwisho wake unafifia na kuwa wa njano. Nyaya ziwe milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Vitambaa na nyaya za kuungaunga havikai pamoja. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na njia ya kutokea, mahali unapoweza kuushika ukielekea nje.

Juu ya kiyoyozi: Southdale ya Gruen ilizibwa yote kwa kuta na paa kwa sababu Minnesota ina majira ya baridi ya kuganda. Fremu ya mtaani Dar ikifungwa kioo kwa ajili ya kiyoyozi, wapita njia wengi hudhani imefungwa, au bei yake imepanda. Kwa vipodozi kiyoyozi kina sababu. Kwa vitenge, feni mbili za ukutani na njia ya hewa ya nyuma vinatosha. Mfano mzuri zaidi tunao nyumbani: soko la Kariakoo lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa za zege zilizokaa kama miavuli, zinazotoa kivuli na kuachia hewa ipite huku zikikusanya maji ya mvua. Kwenye fremu, hilo linamaanisha kuacha matundu juu ya mlango wa nyuma na kukataa jipsamu inayoshusha dari chini ya mita 2.6, hata kama mwenye duka ameiona kwenye picha na ameipenda.

Bango

Sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali ni kipimo kinachosomeka vizuri. Ng'ambo ya barabara ya mita 15 inataka herufi za sentimita 12.5, weka 15. Jina la duka likifuatiwa na maneno mawili matatu ya kinachouzwa. Ongeza kibao kidogo cha sentimita 50 kwa 50 kilichokaa wima na ukuta, kimo cha mita 2.5, kwa wanaotembea kando ya maduka. Bango la juu hawalioni. Bango lina vibali na tozo zake, ulizia manispaa kabla ya kulichapisha. Bidhaa nazo zisivuke mstari wa fremu kwenda njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu mgambo hawatamtafuta mbunifu.

Mafundi, fedha na mfuatano

Kata mbao karakana, Keko kwa mfano, wakati fundi umeme anapitisha nyaya kwenye fremu. Mfuatano ni huu: umeme, dari, rangi ya kwanza, makabati, taa, rangi ya mwisho, vioo, bango. Fundi rangi akiletwa kabla ya fundi umeme, ukuta utapakwa mara mbili. Vitu vikikatwa mapema, siku 10 hadi 14 zinatosha. Kariakoo shusha vifaa alfajiri au usiku. Mchana gari la mashiti halifiki mlangoni.

Tenganisha fedha ya vifaa na ya ufundi. Vifaa anunue mwenye duka kwa orodha yako, kwa risiti. Ufundi ulipwe kwa hatua: sehemu makabati yakiwa yamekatwa na kuonwa, sehemu yakisimama, na asilimia 10 ibaki mpaka wiki mbili baada ya kufungua. Droo isiyofunga na bawaba iliyolegea hujitokeza ndani ya wiki hizo.

Malipo yako nawe yagawe. Kupima na kuchora mpango kulipiwe kabla, hata kwa kiasi kidogo. Mchoro wa kwanza uonyeshe mpangilio na picha. Orodha ya vipande vya kukata, yenye ile 77.75, itoke baada ya malipo ya pili. Mchoro ulio na vipimo vyote hupigwa picha na kupelekwa kwa fundi mwingine jioni ileile.

Anayetaka kuifanya iwe kazi ya maisha ana njia zaidi ya moja. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu majengo na usanifu wa mambo ya ndani. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe kinatoa ufundi ambao wabunifu wengi wanaukosa, yaani kujua kwa mikono yao ubao unakatwaje. Usijiite msanifu majengo kama hujasajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Kwenye mkoba wako wa kazi, kila duka liwe na picha ya kabla, mpango wenye vipimo, picha ya siku ya kufungua na picha ya miezi sita baadaye. Hiyo ya mwisho wateja wenye maduka mengi huitazama kwanza.

Siku ya kukabidhi, acha dukani shelfu mbili za akiba, kopo la rangi lenye namba yake, taa mbili za aina ileile, kigeuza umeme kimoja, na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kaunta ikionyesha kila swichi inawasha nini. Rudi baada ya mwezi, saa 1 usiku, na uangalie mambo matatu: taa za kumulika bado zinaelekea kwenye bidhaa au zimegeuzwa, meza ya katikati haijaongezewa marobota pembeni, na ile stuli ya muuzaji haijarudi kizingitini.